Linux gani kwa kompyuta ya nyumbani: OptiPlex 7010, RAM GB 4, intaneti ya bando

Mkazi wa Kihesa
Wakuu, habari za majukumu. Niko Iringa mjini. Nyumbani kuna kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 7010, i5-3470, RAM GB 4, hadi diski GB 500, Windows 10. Masasisho ya Windows 10 yalisitishwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaikataa mashine hii. Kazi zake ni watoto kusoma mitihani ya NECTA ya nyuma kwa PDF, barua, muvi, WhatsApp ya kwenye brauza, na kuprinti kwa HP LaserJet P1102. Intaneti ni bando la simu, umeme unakatika, UPS hakuna. Nichukue Linux ipi: Ubuntu, Mint, Debian au Fedora? Na Windows niifute? Natanguliza shukrani.

Fundi Uyole
Mkuu, Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Yako ni kizazi cha tatu. Kwa Linux bado ni mashine nzuri tu.

Weka Linux Mint 22, toleo la Xfce (dawati jepesi). Usiangalie uzuri wa kioo, angalia bando. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na inatunzwa mpaka 2029. Fedora hutoa toleo jipya kila miezi sita hivi na kila moja hutunzwa kama miezi 13, kwa hiyo walau mara moja kwa mwaka unashusha karibu mfumo mzima. Ubuntu inaleta Firefox kwa Snap (aina ya kifurushi cha programu), ambayo kwenye hadi diski ya kuzunguka inachelewa kufunguka. Mint imeizima Snap tangu toleo la 20. Ila hata humo, programu ikiwa na chaguo mbili chukua "System Package", achana na Flatpak, kifurushi kinachobeba vitu vyake vyote. Kaprogramu kadogo kanaweza kuja na mamia ya MB.

ISO, yaani faili la kusakinishia, ni karibu GB 3. Ishushe kwa amri ya wget -c, bando likiisha unaendelea ulipoishia. Kisha endesha sha256sum, amri ya kukagua faili, ulinganishe na namba ya kwenye tovuti yao. ISO mbovu inaweza kuwaka vizuri halafu ikakwama katikati, lawama zikaenda kwa flashi. Flashi ya GB 8 na Rufus, programu ya Windows ya kuandika ISO kwenye flashi, vinatosha.

Wakati wa kuwasha gonga F12. Flashi itaonekana mara mbili, chini ya Legacy na chini ya UEFI, njia mbili za kuwasha kompyuta. Kabla ya hapo fungua msinfo32 kwenye Windows, usome "BIOS Mode", uchague inayofanana. Ukichanganya, menyu ya kuwasha haitaweza kukupeleka Windows.

Mlima Rungwe
Mimi ningesema Debian 13 yenye Xfce. Nyepesi, masasisho machache, na firmware (programu za ndani za kifaa) za Wi-Fi zimo ndani ya ISO tangu Debian 12. Tahadhari moja: wakati wa kusakinisha, sehemu ya nywila ya root (msimamizi mkuu) iache tupu. Ukiijaza, akaunti yako haipewi sudo (ruhusa ya kuendesha amri za msimamizi), na maelekezo mengi ya mtandaoni yatagoma.

Fundi Uyole
Debian sina ugomvi nayo, lakini kwa anayeanza, Driver Manager ya Mint, inayotafuta viendeshi vya vifaa, inampunguzia kazi.

Stika ya RAM
Mnabishana distro (aina ya Linux) wakati tatizo ni hadi diski. Nunua SSD ya SATA GB 240 kwanza. Hakuna distro itakayokupa kasi hiyo. RAM ongeza GB 4, DDR3 ya mezani, PC3-12800. Ukiwa soko la Mwanjelwa, Mbeya, au dukani popote, soma stika kabla ya kulipa: ikiandikwa 12800R ni ya seva, 7010 haiwaki nayo hata ikiuzwa bei ya kutupa. Kama RAM inabaki GB 4, sakinisha zram-tools, inayobana data ndani ya RAM, na kwenye /etc/default/zramswap weka ALGO=zstd na PERCENT=50.

Betri ya CR2032 ya saa ya kompyuta nayo badilisha. Mashine za umri huu, umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka mingi. Hapo apt, kisakinishi cha programu, inasema "Release file is not valid yet" na brauza inagomea kila tovuti, mtu anaamua Linux ni mbovu.

Umeme ukikatika katikati ya sasisho, andika kwenye terminal: sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt -f install. Mfumo wa faili wa ext4 una jarida (kumbukumbu ya kinachoandikwa), mara nyingi unajinyoosha wenyewe. Barua ambayo haijahifadhiwa ndiyo hupotea, kwa hiyo AutoRecovery ya LibreOffice iweke dakika 2.

Mkazi wa Kihesa
Asanteni sana wakuu. Printa na Windows je?

Fundi Uyole
P1102 inataka plagi (programu ya nyongeza) ya HP juu ya hplip, programu ya printa za HP. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kusambaza intaneti, endesha hp-plugin halafu hp-setup. Bila plagi printa inaonekana lakini haitoi karatasi.

Windows ibakize kama kuna Excel zenye makro au QuickBooks. Ukibakiza, fungua CMD kama msimamizi uandike powercfg /h off, la sivyo Linux inaweza kukataa kuandika kwenye diski ya Windows. Na saa ya Windows ikirudi nyuma kwa saa 3, upande wa Linux andika timedatectl set-local-rtc 1.