Macdonald wa Kanada: uwakili wake ulisaidia nini kuunganisha makoloni?

Binti wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Nasoma sheria hapa UDOM, wiki ijayo tuna mdahalo kuhusu miungano ya nchi. Mimi nimeangukiwa na John A. Macdonald, waziri mkuu wa kwanza wa Kanada, na nipo upande wa kumtetea. Kila ninapogusa nakuta sifa tu: baba wa taifa, muungano wa 1 Julai 1867, basi. Uwakili wake ulimsaidia nini hasa? Au alikuwa mjanja tu wa siasa?

Mwalimu Mstaafu, Kikuyu
Binti yangu, anza na meli. Septemba 1864 makoloni ya pwani ya Atlantiki yalikutana Charlottetown, kisiwani Prince Edward, kujadili muungano wao wenyewe. Macdonald na wenzake, wa koloni jirani la Kanada, hawakuwa kwenye mpango. Waliomba tu waje. Siku wanatia nanga mjini kuna sarakasi, nyumba za wageni zimejaa, na mwenyeji mmoja, W. H. Pope, akawafuata kwa kimashua cha makasia. Melini walikuwa na shampeni ya kutosha. Haikupita wiki, hoja ya wenyeji ikawekwa kando, wote wanazungumzia muungano mkubwa.

Huo ndio ujanja. Uwakili utauona kwenye mkutano wa Quebec mwezi uliofuata, kwenye yale maazimio 72 yaliyochora katiba ya muungano. Huyu bwana alianza kufundishwa kazi ofisini kwa wakili akiwa na miaka 15, chuo kikuu hakukanyaga. Marekani walikuwa wanauana wakati huo, naye akaona chanzo ni katiba iliyoyapa majimbo nguvu kupita kiasi. Akasukuma kinyume chake: jambo ambalo jimbo halikupewa, ni la serikali kuu. Sasa geukia kwetu. Hati za Muungano za 1964 zilitaja mambo 11, leo ni 22, na lisilotajwa, kwa upande wa Zanzibar, linabaki Zanzibar. Mdahalo wako upo hapo. Ukienda na sifa utapigwa.

Kondakta wa Kibaigwa
Shikamoo mwalimu. Mbona reli umeiruka? Nova Scotia na New Brunswick, makoloni mawili ya pwani, waliahidiwa reli ndani ya sheria yenyewe ya muungano ya 1867, kifungu cha 145. Prince Edward, wenye mkutano wao, waligoma kuingia mpaka madeni ya reli yalipowakaba mwaka 1873. Mwaka huohuo reli nyingine, ya Pasifiki, ikamng'oa Macdonald: alipokea pesa za uchaguzi kwa tajiri aliyeitaka zabuni.

Mgogo Halisi
Na wenye ardhi je? Wenyeji wa asili hakuna aliyewaita Charlottetown wala Quebec. Serikali yake ndiyo iliyopanua shule za bweni zilizowatenga watoto na lugha za kwao. Kingston, mji uliomlea, wameondoa sanamu yake 2021.

Mwalimu Mstaafu, Kikuyu
Marahaba kijana. Mgogo, sina ubishi nawe. Binti, ongeza na hili: uchaguzi wa 1867, Nova Scotia wapinga muungano walizoa viti 18 kati ya 19. Kinara wao, Joseph Howe, mwaka 1869 alikuwa waziri wa Macdonald, baada ya jimbo kuongezewa fedha.

Binti wa Nkuhungu
Shikamoo mwalimu, asante sana. Howe naondoka naye. La shule wapinzani watalileta tu, afadhali nimelisikia hapa kwanza. Mwenye maneno yenyewe ya kifungu cha 91 cha sheria ile ya 1867, kile cha mamlaka ya serikali kuu, aniwekee.