Kwa nini mafuta ya nyuklia huyeyuka hata baada ya kinu kuzimwa?

Swali: Ndugu wanajukwaa, nimesoma kwamba kinu namba 2 cha Three Mile Island, Marekani, kilijizima chenyewe hitilafu ilipoanza tarehe 28 Machi 1979, lakini takriban nusu ya kiini chake (sehemu yenye mafuta ya nyuklia) iliyeyuka. Joto hilo lilitoka wapi?

Jibu: Kuzima kinu husimamisha mpasuko wa atomi za urani, lakini mazao ya mpasuko huo (atomi ndogo zinazobaki) huendelea kuoza, yaani kubadilika huku yakitoa mionzi, na kutoa joto, ambalo mwanzoni hufikia asilimia 6 hivi ya nguvu ya kinu. Pale Three Mile Island, vali iliyokwama wazi ilikuwa ikimwaga maji ya kupoza kiini, na waendeshaji, wakiamini kuwa maji yamezidi, wakapunguza yale ya dharura. Sehemu ya juu ya kiini ikabaki kavu.

Jibu: Naomba kuongezea, maana jambo zito zaidi ni ganda la aloi ya zirkoni linalofunika kila kijiti cha mafuta. Joto likipita nyuzi 1,200 za Selsiasi, ganda hilo humenyuka na mvuke kwa kasi, likatoa haidrojeni pamoja na joto jingine. Vidonge vya oksidi ya urani, yaani mafuta yenyewe yaliyomo ndani ya ganda, huyeyuka kwenye nyuzi 2,800 hivi, ila ganda lililokwisha kuyeyuka huanza kuvimumunya mapema zaidi.

Muuliza swali: Nashukuru sana. Je, chombo cha chuma kinachobeba kiini hakikutoboka?

Jibu: Hakikutoboka. Takriban tani 20 za mafuta yaliyoyeyuka zilishuka hadi chini ya chombo, zikakuta maji, zikaganda humo humo. Lakini katika ajali ya vinu vya Fukushima, Japani, mwaka 2011, mafuta yalipenya chombo hicho.