Rock ya kuchezeka: Queen, Stones, Blondie au New Order?

Santuri78
Wakuu, tulinganishe. Mimi ndiye dijei wa harusi, ukumbi una watu wa rika zote, na nina dakika 20 za bendi za Kizungu tu. Nina Another One Bites the Dust ya Queen ya 1980, Miss You ya Rolling Stones ya 1978, Heart of Glass ya Blondie ya mwaka huohuo, na Blue Monday ya New Order ya 1983. Ipi ifungue, ipi ifunge?

BesiNzito
Queen ifungue. Sikiliza besi ya John Deacon: noti moja inagongwa mara tatu, halafu pengo. Pengo lile ndilo linaloita mguu. Ngoma zimerekodiwa kavu, hazina mwangwi, na ni kipande kimoja kinachorudiwa, kwa hiyo kasi haitetereki: mapigo 110 kwa dakika. Hata spika za wastani haziivurugi. (Na mwimbaji ni mzaliwa wa Unguja, msisahau.)

MzeeWaDeki
Napinga. Pengo hilohilo linawachanganya wasiozoea. Miss You nayo iko karibu na 110, lakini ngoma ya mguu inagonga mapigo yote manne, hata shangazi aliyekuja kula pilau atajua pa kukanyaga. Kasoro yake: mpiga ngoma wao, Charlie Watts, anapiga kwa mkono, kasi inayumba kidogo. Ukiichanganya na Queen, usizibebe pamoja zaidi ya baa 8 (kila baa ni mapigo manne). Ukifika 16 bila kusahihisha kwa kidole, utasikia ngoma mbili zinakimbizana.

BesiNzito
Hapo kwenye kuyumba nakubali. Kufungua, bado Queen.

Kinanda_Tu
Mmeiruka Blondie, na ndiyo yenye mtego. Kasi ni kama 115, kwa hiyo kutoka 110 unapandisha asilimia 4.5, deki yoyote (mashine ya dijei ya kuchezea nyimbo) inafika. Ile tiki-tiki ya mwanzo ni mashine ya ngoma, Roland CR-78, na Clem Burke anapiga ngoma halisi juu yake. Shida iko katikati, kwenye kipande cha ala tupu: kuna sehemu unahesabu 7 badala ya 8. Wachezaji wanajikuta kwenye mguu usio wao, wanacheka, wanaendelea. Dijei akianza kuingiza wimbo mwingine hapo, ameharibu. Ingiza kabla, au subiri sauti ya Debbie Harry irudi.

Santuri78
Na Blue Monday? Kutoka 115 hadi 130 ni mbali.

Kinanda_Tu
Asilimia 13, usijaribu kuiburuza. Kumbuka kila asilimia 6 inapandisha sauti kama nusu toni kama hujafunga ufunguo (kitufe cha deki kinachozuia sauti isipande), na waimbaji wanasikika kama watoto. Kata tu: acha Blondie iishe, sekunde moja ya kimya, kisha ile ngoma ya mguu ya New Order inayotatarika. Inajitangaza yenyewe.

MzeeWaDeki
Ila toleo la santuri ya inchi 12 ni dakika 7 na nusu, na mtu haimbi mpaka zipite dakika 2. Kwa walevi wa disko sawa. Kwa harusi, chukua toleo la 1988, ni la dakika 4 hivi.

Santuri78
Nikiongeza Take Me Out ya Franz Ferdinand?

BesiNzito
Ile inaanza mbio, halafu kabla ya dakika moja inajivuta mpaka kama 105. Ukisawazisha kwa mwanzo wake umekwisha. Weka alama pale inapotulia, uanzie hapo. Tena kwa 105 inakaa kabla ya Queen, siyo baada ya Blondie.

MzeeWaDeki
Ukitaka kitu cha kutangulia Queen, Stayin' Alive ya Bee Gees ina 104 na haiyumbi kabisa. Ngoma zake ni baa mbili zilizokatwa kutoka Night Fever, wimbo wao mwingine, na kuzungushwa kwa utepe, kwa sababu mpigaji wao hakuwepo studio.

BesiNzito
Unaona? Queen haifungui tena, lakini na Miss You yako pia haifungui.