Mjadala: Anayetaka soko huria ataweza kuilinda mila?

Barazani siku hizi vijana wanamsifu Meloni wa Italia, anayejinadi kwa Mungu, nchi na familia, na Milei wa Argentina, aliyeshinda urais 2023 akibeba msumeno wa kukata matumizi ya serikali. Eti Zanzibar nayo ipate siasa hizo: biashara iachiwe, heshima irudi. Mie napinga. Soko halina haya. Thatcher mwenyewe, waziri mkuu wa Uingereza na mpenda soko huria, 1986 alipeleka bungeni mswada wa kuruhusu maduka yafunguliwe Jumapili. Wabunge wa chama chake wakaungana na wapinzani na makanisa, ukaanguka kwa kura 14. Ilipofika 1994, sheria ikapita na maduka yakafunguliwa. Sasa tazameni kwetu: Ramadhani mchana mama lishe anafunga, hoteli ya watalii Nungwi inapika. Nani kairuhusu kama si pesa?

*Wa Wete:*
Sheikh, wewe uko mjini. Sie Pemba soko huria tunalililia. Karafuu zangu, mikarafuu nimeipalilia mwenyewe, wachumaji nimewalipa mwenyewe, lakini mnunuzi kisheria ni mmoja tu, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Miaka ile bei ilipokuwa ya kuonewa, watu walivusha magunia Mombasa usiku, na askari wakiwasaka. 2011 serikali ikapandisha bei ya mkulima. Magendo yakapungua bila mtutu. Kutaka bei nzuri hakujamtoa mtu msikitini. Karafuu na bikini za watalii usituchanganyie.

*Wa Darajani:*
Na Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa rais wa Zanzibar, alipolegeza biashara hapa 1984 baada ya miaka ya foleni, nani alikufuru? Tulipata mchele na kanga.

*Wa Mkoani:*
Bei nzuri, haya. Ikianguka je? Indonesia ndiyo iliyokuwa ikinunua karafuu zetu kwa sigara zao. Ilipojitosheleza kwa karafuu zake miaka ya 1980, bei ikaporomoka. Siku hiyo soko halikumuuliza mtu anaswali au haswali.

*Mleta mada:*
Wa Wete, kwa karafuu umenishinda, mkulima aachiwe auze atakapo. Lakini vijana Milei hawamsifii kwa karafuu. Wanamsifu kwa msumeno, na mwaka 2024 maelfu ya watu Argentina waliingia barabarani kutetea bajeti ya vyuo vikuu. Hapa elimu bure ilitangazwa 1964. Anayeutaka msumeno huo aseme kwanza: skuli ya mwanawe atailipia yeye?