Farasi na joto la kaskazi: ndoo, taulo au bahari?

Mja wa Pangani: Wakuu, kaskazi imeshika. Tunaopanda farasi ufukweni huku kila mtu na lake: mmoja anamwaga ndoo, mwingine anamfunika mnyama taulo bichi, wa tatu anaingia naye baharini na tandiko lake. Ipi bora?

Raskazone: Bahari bwana. Haina bili.

Bi Mkonge: Inapoza, sikatai. Hata ikiwa vuguvugu bado iko chini ya joto la farasi, 37.5 hadi 38.5 akiwa ametulia. Ila mvue tandiko, na mkitoka msuuze kwa maji ya bomba. Chumvi ikikaukia pale unapopita mkanda wa tumbo, ukimtandika kesho unamchubua.

Taulo ndilo silitaki kabisa. Muda si mrefu limepata moto, limekuwa blanketi. Na Tanga hii jasho lenyewe halikauki, linachuruzika tu mpaka kwatoni, joto limebaki ndani.

Babu wa Chumbageni: Wajukuu, farasi aliyetoka mbio hamwagiwi maji baridi. Misuli hukaza, tumbo likamnyonga.

Mganga wa Mifugo: Shikamoo babu. Wengi tumekua na hilo, lakini limeshapimwa. Kabla ya Olimpiki ya Atlanta, 1996, watafiti walimwagia farasi waliotoka kazini maji baridi sana, misuli haikudhurika. Tokyo 2021 wakaweka barafu na feni za ukungu.

Kwa hiyo mimi nasema ndoo, tena nyingi. Shingo, kifua, mbavu, mapaja, usikome. Kama maji yapo tele, usipoteze muda kuyakwangua mwilini mwake. Na kunywa anywe, asisubirishwe. Jasho lake lina chumvi kuzidi damu yake, basi mtilie chumvi kidogo kwenye pumba. Ukiona anayumba, au ngozi kavu ilhali anahema kwa nguvu, hapo piga simu kwa daktari huku mnaendelea kumwaga.

Mja wa Pangani: Ahsante. Na saa ya kupanda?

Bi Mkonge: Alfajiri. Unyevu uko juu, kweli, lakini jua bado. Saa kumi jioni upepo wa bahari upo, ila mchanga umekunywa jua la kutwa. Na mwendo wa matiti, ule wa kati ya kutembea na mbio, mfupi mfupi, si mbio mpaka Mwambani.

Babu wa Chumbageni: Marahaba mganga, maji nimekubali. Hiyo feni mtaichomeka wapi ufukweni?

Raskazone: Kwenye mnazi, babu 😂