Tupeane uzoefu: kitu kidogo kwenye katuni za zamani au ndani ya Disneyland ambacho wengi wanakipita lakini wewe kimekukaa moyoni

Mtoa mada

Wakuu habari za muda huu. Uzi huu ni wa wale wanaopenda katuni za kuchorwa kwa mkono, zile za enzi za wino na brashi, na wale wanaopenda zile bustani za burudani kama Disneyland zilizojengwa na haohao wachoraji, iwe ulishafika kwa miguu yako au unazifuatilia kwa video tu. Habari za katuni ipi kali kuliko ipi tuziache, tumeshaziongea sana. Nataka kile KITU KIDOGO, kile ambacho mwenzako anakipita wewe unabaki umeganda.

Ntaanza. Mimi kwa Marc Davis, mchoraji wa Disney, sisemi kitu. Yule Maleficent wa Sleeping Beauty ya 1959, anavyosimama ametulia na zile pembe wakati ukumbi mzima umetaharuki, kamchora yeye. Cruella de Vil wa One Hundred and One Dalmatians ya 1961 ni yeye, na Tinker Bell wa Peter Pan ya 1953 ni yeye tena. Baada ya Cruella akaachana na filamu akaenda kubuni vitu vya Disneyland, na mimi nilipokuja kulijua hilo nilikosa usingizi, kwa sababu miaka yote nilikuwa naipenda Pirates of the Caribbean ile ya kupanda mashua (ilifunguliwa Machi 1967, filamu zimekuja baadaye sana) bila kujua kwamba mkono ni uleule.

Tazameni sehemu ya wafungwa. Mbwa ameng'ata funguo za gereza, wale jamaa nyuma ya nondo wanambembeleza kwa mfupa na kamba, mbwa kawatulia tu anawaangalia. Mashua haikusubiri, una sekunde chache umeshapita, lakini umeelewa kila kitu bila kuambiwa neno. Hiyo ni akili ya mchora katuni, umbo la mtu lazima lisomeke hata ukilipaka lote jeusi. Na mavazi ya maharamia alitengeneza mkewe, Alice Davis. Claude Coats aliyekuwa anapaka mandhari za nyuma tangu Snow White ya 1937 naye yumo kwenye hiyo kazi, na maneno ya wimbo wao kaandika X Atencio, naye mchoraji. Ndo maana nikiangalia video ya ile mashua naiona ni katuni ambayo mtu ameruhusiwa kuingia ndani.

Karibuni, tiririkeni.

Wino Mweusi

Uzi mtamu sana huu. Mimi nachora, na kilichonifundisha kuchora ni One Hundred and One Dalmatians kwenye deki. Nilikuwa nasimamisha picha, naweka karatasi nyepesi juu ya kioo cha tivii nafuatisha mistari kwa penseli mpaka nifukuzwe.

Kitu kilichonishika ni kwamba mistari ya ile filamu inakwaruza. Unaona penseli imepita mara mbili, unaona mistari ya kupimia ambayo mchoraji hakuifuta. Nilivyokuwa mdogo sikujua sababu, nilijua tu hawa mbwa wanapumua kuliko wale wa filamu nyingine. Baadaye nikaja kusoma. Zamani mchoro wa mchoraji ulikuwa haufiki kwenye skrini kabisa, kulikuwa na idara nzima ya wanawake wenye mikono mitulivu kupita kiasi, kazi yao kuunakili upya kila mchoro kwa wino juu ya plastiki angavu halafu unapakwa rangi kwa nyuma. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, hata ukitumia mchoro mmoja kwa fremu mbili bado ni michoro 12 kwa sekunde, kwa kila mhusika. Sasa jaza hapo mbwa 101 wenye madoa. Ub Iwerks, yule aliyekuwa na Walt Disney tangu mwanzo wa Mickey, akaichukua mashine ya Xerox akaibadilisha iwe inapeleka mchoro wa penseli moja kwa moja kwenye plastiki. Kwa hiyo 1961 kwa mara ya kwanza kwenye filamu ndefu watu wakaona mstari wenyewe wa mchoraji, na mikwaruzo yake.

Inasemekana Walt mwenyewe hakuupenda ule muonekano, alizoea usafi. Mimi nitautetea mpaka kesho. Wale wanawake wa wino walikuwa mafundi haswa na kazi yao kwenye Sleeping Beauty haina mfano, ila mstari wa Dalmatians ni mkono wa mtu unauona unafikiri.

Mtoa mada

Mkuu umeniacha hoi. Na cheki filamu hizo mbili zimepishana miaka miwili tu, ukiziweka pamoja utadhani zimepishana miaka hamsini.

Bi Dirisha

Nimefika Disneyland ya California, ile ya kwanza iliyofunguliwa Julai 17, 1955. Niliokuwa nao walitaka vitu vya kasi, mimi nilitaka Haunted Mansion, ile nyumba ya mizimu, na nikawaambia kabisa tangu tunatoka kwamba pale msinihimize.

Kwanza kile chumba cha mwanzo kinachorefuka. Mnaingia, mlango unafungwa, picha za ukutani zinaanza kuvutika kwenda chini, dari inazidi kuwa mbali. Watu wanapiga kelele, mimi nilikuwa nasikilizia miguu. Kwa sababu pale California kile chumba ni lifti, mnashuka kweli. Nyumba mnayoiona kwa nje ni mlango tu, jengo lenyewe kubwa liko ng'ambo ya reli ya treni inayozunguka bustani, kwa hiyo ilibidi watu washushwe wapite chini ya reli. Wangeweza kuweka ngazi wakamaliza, wao shida ya reli wakaigeuza kuwa sehemu ya hadithi. Ile ya kwenye bustani ya Disney ya Florida haina shida hiyo, pale inayopanda ni dari.

Halafu ukumbi wa karamu. Hapa nililia, sioni aibu kusema. Unatazama ukumbi mkubwa kutoka juu, meza imeandaliwa, mara mizimu inatokea inacheza dansi, unaona fanicha kupitia miili yao. Hakuna projekta pale wala kompyuta. Ni kioo kikubwa mno kilichosimama mbele yako usichokiona, na mizimu ni wanasesere halisi wanaozunguka gizani, wengine chini yako wengine juu yako. Taa ikiwawakia taswira yao inatua kwenye kioo, ikizimwa wanapotea. Huo ujanja John Henry Pepper aliuonyesha London mwaka 1862! Umri wote huo na bado unamtoa mtu machozi.

Na kuna kitu nilikuwa nakitafuta kwa macho nikakipata, kwenye ile dansi wanawake ndo wanaongoza. Sababu ni kioo, taswira imegeuka kushoto kulia.

Kanda ya Deki

Dada Bi Dirisha umenifanya niende kuangalia video saa hizi hizi, na kweli wanawake wanaongoza! Miaka yote sikuona.

Mimi sina mengi, mimi ni mtu wa Tom and Jerry na kwangu ni muziki. Fumba macho usikilize tu, utajua paka kapanda ngazi, kateleza, kaangukia wapi. Scott Bradley ndo alikuwa anatunga, na alikuwa na okestra kamili kwa katuni ya dakika saba. Tom hasemi, Jerry hasemi, anayesema ni Bradley.

Majani Makavu

Wakuu nimesoma nyuzi nyingi za Bambi, ile katuni ya Disney ya mtoto wa paa, na kila mtu anaongelea mama yake. Mimi naomba niongelee msitu.

Angalieni tena zile picha za msitu kwa utulivu. Hakuna majani pale. Kuna ukungu, kuna mwanga umepenya sehemu moja, kuna vijiti viwili vitatu vimechorwa vizuri katikati, pembeni kote ni rangi tu imeyeyuka, ila akili yako inaujaza msitu wote. Aliyeleta ule mtindo ni Tyrus Wong, mzaliwa wa China aliyeingia Marekani akiwa mtoto. Alipoajiriwa alipewa kazi ya chini kabisa, kujaza michoro ya katikati, yaani mkubwa anachora mwanzo na mwisho wa tendo wewe unachora hatua zote za katikati kutwa nzima. Akasikia wanaandaa Bambi na wanahangaika, misitu waliyochora ilikuwa na kila jani, wanyama wanapotelea humo. Akapaka michoro midogo ya rangi kwa namna ya wachoraji wa kale wa China wa enzi za nasaba ya Song, akaipeleka. Ikawa ndo sura ya filamu nzima.

Filamu inatoka 1942 mwenyewe ameshaondolewa kazini, baada ya mgomo wa wafanyakazi wa 1941 ambao hata hakuwa ameshiriki, na kwenye orodha ya majina wamemtaja tu kama mmoja wa wapaka mandhari. Hiyo inaniuma mpaka leo. Ila mzee aliishi miaka 106, kafariki 2016, na watu walishamjua na kumpa heshima yake. Baba yangu ndo aliyenifundisha kuangalia mwanga kwenye picha, yeye ni fundi picha wa kamera za filamu, nilipomuonyesha Bambi alikaa kimya muda halafu akasema huyu alijua kuacha. Tangu hapo kila nikitazama picha yoyote naangalia mchoraji kaacha nini.

Mtoa mada

"Alijua kuacha". Mkuu mzee wako apewe maua yake.

Miti ya Mraba

Naongeza ya kwangu inayounganisha pande zote mbili za uzi. Waliowahi kuona picha za Disneyland ya Paris (ilifunguliwa Aprili 1992) mmeiangalia miti iliyo karibu na kasri? Imekatwa ikawa ya MRABA. Mtu anaweza kudhani ni urembo tu wa bustani, kumbe ni filamu. Sleeping Beauty mandhari zake kapaka Eyvind Earle, na miti yake ndo iko hivo, mraba mraba kama mazulia ya ukutani ya zama za kati. Wabunifu wakajua Ufaransa imejaa kasri za kweli, huwezi kwenda kushindana nazo, kwa hiyo wakajenga kasri la kwenye hadithi, la rangi ya waridi, na bustani wakaikata ifanane na mchoro. Mti hai unatunzwa na mtu mwenye mkasi mwaka baada ya mwaka ili ufanane na mti uliopakwa rangi miaka ya hamsini. Mimi hilo linanitosha.

Na chini ya kasri kuna pango lina joka limefungwa minyororo, linalala, linaamka, linapumua moshi. Wapo wanaotoka pale bila kujua kama lipo.

Lile la California nalo lina lake. Urefu wake ni mita 23 na kidogo tu, ila matofali ya chini ni makubwa na kadri unavyopanda yanapungua ukubwa, jicho linadanganyika linaona limeenda juu sana. Bi Dirisha ulivyofika uliliona dogo?

Bi Dirisha

Kwa mbali hapana, lilikuwa refu kabisa. Nilipofika mlangoni ndo nikaona ni la kawaida, na bado nililipenda, linakuwa la kwako. Na jina langu humu limetoka pale pale, madirisha ya ghorofani kwenye barabara ya kuingilia yameandikwa kama matangazo ya biashara, wakili fulani, fundi fulani, kumbe ni majina ya watu halisi waliohusika na hiyo bustani. Nilitembea barabara nzima shingo juu nikisoma.

Msikivu

Mimi ni sauti. Pale pale California kwenye stesheni ya treni ya New Orleans Square, mtaa mmojawapo wa Disneyland, kuna mlio wa telegrafu, tik tik tiktik, haunyamazi. Wengi wanajua ni fujo ya kuleta mazingira ya zamani. Yale ni maneno! Ni mwanzo wa hotuba ya Walt Disney ya siku ya ufunguzi 1955, umetumwa kwa alama za zamani za telegrafu ya nyaya za Marekani ambazo leo wanaozijua ni wachache mno. Mjomba wangu kazi yake ilikuwa mawasiliano ya redio melini, nikamchezea ile sauti. Alama za meli ni tofauti kwa hiyo hakuipata yote, lakini alijua papo hapo kwamba aliyetuma ni mtu anayejua kazi, mkono una mwendo. Alifurahi yule mzee sijui niseme nini.

Mgeni Humu

Habari zenu wakubwa. Nimesoma uzi wote na nimegundua mimi hizi katuni nilikuwa naziangalia bila kuziona. Nina mtoto wa miaka sita tunataka tuanze pamoja, tuanze na ipi ambayo siyo ndefu?

Wino Mweusi

The Old Mill ya 1937. Haifiki dakika kumi, hakuna anayeongea, ni usiku mmoja wa dhoruba kwenye kinu kibovu na ndege na popo wanaoishi humo. Hapo ndo walijaribu ile kamera ya tabaka, yaani michoro imepakwa kwenye vioo vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kwa nafasi na kamera inapiga kutoka juu, kwa hiyo ikisogea vitu vya karibu vinapita haraka na vya mbali polepole, kama unavyoona ukiwa kwenye gari. Ilikuwa maandalizi ya Snow White na ikachukua Oscar. Mwanzoni kabisa kamera inasogelea kinu kupita utando wa buibui, mwambie mtoto auangalie huo utando. Usimwelezee kitu kingine.

Mgeni Humu

Asante sana mkuu, leo leo.

Mtoa mada

Karibu sana, na ukishamaliza urudi na mrejesho mtoto kaona nini, maana watoto wanaona vitu sisi hatuvioni. Wengine endeleeni, bado sijasikia mtu wa Mary Blair, yule mchoraji wa Disney, humu na najua mpo, kuna mbuzi wake wa miguu mitano kwenye ule ukuta wa vigae wa hoteli ya Contemporary kule Florida, anahitaji posti yake peke yake.