Spika za 6x9 (inchi 6 kwa 9) kwenye ubao wa kioo cha nyuma, na buti lina sabufa 2: zitadumu kweli?

MwendoPole
Wakuu habari zenu, naomba mawazo kabla sijaanza kukata bati. Gari ni saluni, kwenye buti kuna boksi moja lililozibwa pande zote lina sabufa 2 za inchi 12, zinaendeshwa na amplifaya yake yenyewe. Milango ya mbele ina spika za inchi 6 na nusu na twita (vispika vya sauti za juu), hizo ziko poa sina shida nazo. Shida iko nyuma. Ule ubao chini ya kioo una spika zilizokuja na gari, koni za karatasi, na sabufa zikianza kupiga kwa nguvu zile spika zinakoroma, sauti ya mwimbaji inatetemeka inakuwa haieleweki, nikishusha sabufa zinatulia zenyewe. Watoto na mama yao ndo wanakaa nyuma na wananiambia wanasikia mdundo tu maneno hawayashiki. Nataka nitoe hizo niweke za 6x9, ila kuna mtu kaniambia sabufa zitaziua mapema kwa sababu ziko juu ya buti hilo hilo. Ni kweli? Na kama ni kweli kuna namna ya kuzifunga zikadumu au niache matundu wazi tu?

FundiWaya
Ni kweli mkuu, na hiyo kukoroma unayoisikia ndo dalili yenyewe. Spika ya kwenye ubao haina boksi lake, inatumia buti zima kama boksi, sasa na sabufa nazo ziko humo humo zinasukuma hewa. Koni ya inchi 12 eneo lake ni karibu mara mbili ya 6x9 moja, alafu unazo mbili, na zinatembea mbele na nyuma kwa urefu ambao 6x9 haiwezi hata nusu yake. Hewa ikibanwa ndani ya buti inatafuta sehemu dhaifu ya kutokea, bati halikubali, siti ina sponji nene na mara nyingi nyuma yake kuna bati, kinachobaki ni koni ya spika ambayo ni nyepesi na imeshikwa na ukingo laini. Inasukumwa kama pazia la dirishani upepo ukivuma.

Jaribu hivi uone kwa macho yako. Chomoa waya za spika za nyuma kabisa, washa muziki wenye bezi, alafu weka vidole taratibu juu ya koni. Utakuta inacheza na wakati haina moto wowote. Sasa fikiria hiyo koni inasukumwa na sabufa na wakati huo huo inatakiwa iimbe sauti ya mtu, ndo mana maneno yanatetemeka. Koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) inatolewa kwenye nafasi yake, inafika mwisho wa safari yake na kugonga, ukingo unachoka, na siku ikianza kukwaruza hairudi tena.

Kuna mambo mawili na yote mawili yafanyike, moja peke yake halitoshi. Kwanza ziwekee kila spika kiboksi chake kwa chini ili hewa ya buti isiiguse. Pili zikatie bezi, kwenye redio au amplifaya tafuta HPF (kichujio kinachozuia bezi na kupitisha sauti za juu yake) uiweke kuanzia 80 Hz mpaka 100 Hz. Kiboksi kinazuia msukumo wa nje, HPF inaizuia spika isijichoshe yenyewe na bezi ambayo tayari sabufa zinaifanya vizuri kuliko yeye.

BeziSafi
Mi naona tofauti kidogo na FundiWaya. Mkuu MwendoPole kwanza kabisa toa hizo spika za zamani uache matundu wazi, funika kwa grili tu, uendeshe hivo kwa muda usikie. Kwenye saluni nyingi bezi inakwama kwenye buti, ukisimama nje nyuma ya gari unasikia mdundo mkubwa kuliko aliyekaa ndani. Yale matundu mawili ni njia ya bezi kuingia kwenye kabini na ukiyaziba na viboksi unaifunga njia hiyo. Wapo wanaofunga 6x9 nzuri na viboksi vyake alafu wanashangaa sabufa zimepungua, hazijapungua, njia ndo imezibwa.

Alafu jambo lingine, muziki unatakiwa usikike unatoka mbele yako, mwimbaji awe juu ya dashibodi. 6x9 zikipigwa sana nyuma zinamvuta mwimbaji anahamia kisogoni. Mimi napenda gari linalosikika vizuri mbele na sabufa nyuma, basi.

MamaSafari
BeziSafi unasema kwa upande wa dereva, lakini mwenzetu kaeleza kabisa wanaolalamika ni wa siti ya nyuma na wao pia ni abiria wanahaki ya kusikia maneno. Saluni yenye sabufa kwenye buti anayekaa nyuma ndo anaumia zaidi, bezi ipo mgongoni kwake na sauti za juu ziko mbele zimezibwa na migongo ya siti. Si suala la kufanya makelele, ni kumpa sauti ya wastani.

Swali langu kwako MwendoPole, milango ya nyuma ina sehemu za spika? Magari mengi yana tundu tayari au angalau nafasi nyuma ya pambo la mlango. Kama ipo weka spika za pale uachane na ubao kabisa, mlango hauna uhusiano na hewa ya buti kwa hiyo tatizo lote la kusukumwa linaisha, na matundu ya ubao yanabaki ya bezi kama BeziSafi anavosema. Kila mtu anapata chake.

MwendoPole
Asanteni sana. Nimefanya ule mtihani wa kuchomoa waya na kweli kabisa koni zinacheza zenyewe, tena sana, sikutegemea. MamaSafari milango ya nyuma nimeifungua pambo nikaangalia, reli ya kioo inapita pale pale, kioo kikishuka kinaacha nafasi ndogo sana nadhani hata spika nyembamba haiingii. Kwa hiyo ubao ndo njia iliyobaki. Sasa FundiWaya hivyo viboksi vinatengenezwaje, mana chini ya ubao kuna zile vyuma vya springi vya mfuniko wa buti vinapita. Na je nitumie redio kuziendesha au ninunue amplifaya nyingine?

FundiWaya
Vyuma vya springi ndo vinaharibu mipango ya watu wengi, kwa hiyo pima kabla hujanunua chochote. Fungua mfuniko wa buti, mtu mwingine aufunge taratibu na kuufungua huku wewe unaangalia kwa tochi vile vyuma vinajizungusha vinafika wapi, kwa sababu vinahama, havikai sehemu moja. Kisha pima kutoka kwenye bati la ubao kwenda chini mpaka sehemu ya karibu kabisa vinapofika. 6x9 nyingi zina kina cha sentimita 8 hivi mpaka chini ya sumaku, ongeza nafasi ya kiboksi chenyewe. Kama haitoshi kuna ujanja wa kuiinua spika kwa pete ya mbao juu ya bati, unapata sentimita 1 au 2 na grili inaficha.

Kiboksi tumia plaiwudi au MDF ya milimita 12, lita 5 mpaka 8 zinatosha kwa sababu bezi tumeshaikata, hatuhitaji nafasi kubwa. Umbo lifuate nafasi iliyopo, linaweza kuwa refu na la upande mmoja, halilazimiki kuwa mraba. Pembe zote ziba kwa silikoni, waya upite kwenye tundu dogo nalo uzibe, mdomo wa kiboksi ukutane na bati kwa mpira wa gasketi kuzunguka wote. Ndani jaza pamba ya mto kidogo. Kukiwa na upenyo hata mdogo utausikia, unapiga mluzi sabufa zikipiga.

Utaona wanauza vile vikombe vya sponji vya kuweka nyuma ya spika. Vinafaa kuzuia vumbi na maji mlangoni, kwa sabufa 2 za inchi 12 havifanyi kitu, ni laini, hewa inavikunja na msukumo unafika kwenye koni kama kawaida. Usipoteze hela yako hapo.

Upande wa nguvu, redio ikiandikwa wati 50 mara 4 hiyo ni ya kilele, ya kweli ya kuendelea ni kama 15 mpaka 20 kwa kila spika. Kwa kujazia sauti ya abiria inatosha kabisa ukiwa umekata bezi, kwa sababu bezi ndo inayokula nguvu. Amplifaya ya njia 4 ni nzuri zaidi, mbili mbele mbili nyuma, ila uiweke kwa sababu ya mbele kwanza. Na usiunganishe spika mbili za omu 4 sambamba kwenye njia moja ya redio, itaona omu 2 na redio nyingi haziruhusu chini ya 4, zinapata moto na kujizima au kuungua.

Kekee
Naongezea upande wa kukata kwa sababu hapo ndo watu wanaharibu gari. Kwanza toa waya wa hasi wa betri. Alafu usiamini unachokiona juu, ingia ndani ya buti ulale chali uangalie ubao kwa chini. Waya za taa ya breki ya juu zinapita hapo, za kuyeyusha ukungu wa kioo zinapita hapo, magari mengine mikanda ya siti ya nyuma imefungwa hapo hapo, na zile ndoano za kiti cha mtoto pia. Kwa kuwa wanaokaa nyuma ni watoto hili ulishike, usikate karibu na boliti ya mkanda wala ndoano, na usikate ile mbavu ya bati iliyokunjwa kwa chini mana ndo inashikilia nguvu ya ubao. Kama tundu la zamani ni dogo panua kidogo kidogo kwa mkasi wa bati, au tumia pete ya kugeuza saizi usikate kabisa. Ukimaliza piga faili ukingo na rangi, bati likibaki tupu linashika kutu.

Ubao wenyewe ndo bati linalopiga kelele kuliko yote nyuma. Kabla ya kufunga spika libandike juu na chini ule mkeka wa mpira mzito wenye karatasi ya alumini, uusugue kwa rola mpaka ile michoro yake ilale. Bandika na ndani ya mfuniko wa buti, na namba ya gari nyuma yake weka sponji nyembamba. Ukigonga ubao kwa kifundo cha kidole uusikie unatoa sauti butu fupi, ukisikia mlio wa debe bado.

Na spika chagua yenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira, zile za karatasi na ukingo wa sponji hapo chini ya kioo jua linazikausha, sponji inakatika katika kama unavoona za kwako pengine zimeshaanza.

SautiYaChini
Samahani nadandia, mimi sabufa zangu hazina boksi, zimefungwa kwenye ukuta wa mbao nyuma ya siti na buti lote ndo boksi lao. Ushauri wa matundu wazi unanihusu?

BeziSafi
Hapana mkuu, kwako ni kinyume kabisa. Sabufa zako zinatoa hewa mbele kuelekea kabini na nyuma kuelekea buti, na hizo mbili zinakwenda kinyume. Zikikutana kupitia matundu ya ubao zinafutana na bezi inapotea. Wewe ziba kila kitu, ubao, mbavu, hata tundu la waya. Ukitaka spika juu yake lazima ziwe na viboksi vilivyozibwa vizuri kweli kweli.

Na MwendoPole, baada ya kusoma hali ya milango yako nakubali, kwa abiria wako weka 6x9 na viboksi. Ila ubao wako kama una nafasi, katikati kati ya spika mbili fungua tundu jingine dogo lenye grili bezi ipite, au kama siti ina mlango wa kupitisha mizigo mirefu kwenye egemeo la mkono uwe unaushusha. Mtihani ni rahisi, shusha huo mlango muziki ukiwa unapiga, ukisikia bezi imejaa ghafla basi njia ilikuwa inahitajika.

Feda (kile cha kugawa sauti kati ya mbele na nyuma kwenye redio) iweke upande wa mbele. Kaa siti ya dereva, zima nyuma kabisa, alafu ongeza nyuma taratibu mpaka uanze tu kuhisi mwimbaji anarudi nyuma, hapo punguza hatua moja. Kisha hamia siti ya nyuma usikilize maneno, kama hayajatosha rekebisha na redio yenye kuchelewesha sauti, spika ya nyuma ikiwa karibu na wewe kuliko ya mbele kwa sentimita 34 sauti yake inakufikia kama milisekunde 1 mapema, ukiichelewesha kwa kiasi hicho mwimbaji anarudi mbele bila kuwanyima wa nyuma.

MwendoPole
Egemeo la mkono lina huo mlango, nimeushusha na kweli bezi imeongezeka sana. Basi viboksi vya plaiwudi, HPF 80, na huo mlango ubaki wazi. Swali la mwisho, waya za zamani za spika zina rangi mbili ambazo sijui ipi chanya, nikikosea kuna shida?

Kekee
Haziungui, lakini moja ikisukuma na nyingine ikivuta sauti inakuwa nyembamba haina mwili na mwimbaji anakuwa hana sehemu maalum anapotoka. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha kidogo tu kwenye waya mbili upande wa redio zikiwa zimechomolewa, mtu aangalie koni. Ikiruka kwenda nje, waya uliogusa chanya ya betri ndo chanya, ikiingia ndani ni kinyume. Fanya zote mbili zitoke nje, weka alama kwa tepu kabla hujarudisha pambo. Alafu ukishafunga kila kitu cheza na swichi ya 0 na 180 (inayogeuza sabufa isukume au ivute) kwenye amplifaya ya sabufa ukiwa umekaa siti ya dereva, upande unaotoa bezi nyingi zaidi ndo wa kuacha.